Dadu Nyuma ya Daftari

Je, uongo unaomwokoa mtu ni dhuluma? Swali hili limezungushwa kwenye madarasa ya falsafa kwa karne nyingi. Mimi lilinishika nikiandika kanuni za mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa mezani, wa aina ile ambayo kila mchezaji anakuwa mhusika, na mmoja wao, mwendeshaji, anasimulia dunia wanamoishi. Marekani aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1974, ilipotoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mapango na majoka. Wetu hauna joka. Mimi na binamu yangu tuliuandika Nachingwea wakati wa likizo, kwenye daftari la kaunta. Wahusika ni mkulima wa korosho, bodaboda, karani wa AMCOS na mchuuzi. Safari ni msimu mmoja kati ya Nachingwea na Ruangwa. Kwenye ramani tuliacha tuta la reli ya karanga, ile waliyojenga Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili na ikang'olewa miaka ya 1960. Ukilifuata huoni treni, ila hupotei.

Kanuni kuu ni fupi. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu mbili, unaongeza alama za ujuzi wako, ukifika 9 umefaulu. Asiye na ujuzi ana matokeo 10 kati ya 36 ya kumfaa. Mwenye ujuzi wa alama 2 ana 21.

Tulichobishania ni nani anaziona dadu. Katika michezo hii ni kawaida mwendeshaji kurusha dadu zake nyuma ya kizuizi, na wapo wanaozidanganya kwa nia njema: dadu inasema mhusika amekufa, wao wanasema amepona. Binamu alitaka nasi tufanye hivyo, daftari liwe kizuizi. Akanipa mfano. Ni Agosti, mikorosho ina maua, mtoto wa mkulima ana homa kali na ndani hamna hata senti. Anayemcheza mkulima ni binti wa jirani, yuko kidato cha pili. Dadu zinatoka 4.

"Utamwambia mtoto wa watu kwamba mwanawe amekufa kwa sababu ya dadu?" aliniuliza. "Watu hawaji barazani kuonyeshwa shida wanazozijua. Wanakuja kuzipumzisha."

Hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Lakini huku kwetu tunajua kitu kinachoitwa kangomba. Mnunuzi anakuja msimu haujafunguliwa, anampa mkulima fedha, na deni linalipwa kwa korosho zilizopimwa kwa bakuli lake mwenyewe. Si lazima awe mtu mbaya. Pengine ni ndugu, pengine fedha yake ndiyo iliyompeleka mgonjwa hospitali. Ubaya haumo moyoni mwake, umo kwenye bakuli: kipimo kinashikwa na mmoja, na yule mwingine anabaki kushukuru tu. Daftari lililosimamishwa mezani ni bakuli hilohilo. Mkono unaoweza kuniongezea nisipoona unaweza pia kunipunguzia nisipoona, nami sitajua ni siku ipi umefanya lipi. Hata shukrani yangu haina pa kwenda, maana sijui kama nimesaidiwa.

Basi dadu zirushwe wazi, mambo yaishe? Hayaishi. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa kwenye korosho mwaka 2007 ili mizani iwe ya wote: mzigo unapimwa, unaingia ghalani, unanadiwa mbele ya watu. Ni kanuni nzuri. Ila mnada una siku yake na malipo yana siku yake, na homa haina kalenda. Kangomba inaishi katika pengo hilo. Kanuni iliyo sawa kwa wote inaweza kumpita huyu mmoja bila kumwona.

Bao halitusaidii hapa. Kete 64, zote machoni pa watu, hakuna bahati. Anayefungwa amefungwa na hesabu zake. Mkulima anaweza kupuliza salfa kwa wakati, ubwiriunga usimguse, na bado mvua ya siku moja ikamharibia maua. Huwezi kumwambia amefungwa kihalali.

Lizzie Magie, Mmarekani aliyepata hataza ya The Landlord's Game mwaka 1904, aliutungia mchezo wake kanuni za aina mbili juu ya ubao uleule: moja ya kumrundikia mali mtu mmoja, nyingine ya utajiri unaowafikia wote. Nilichojifunza kwake ni kwamba huruma nayo inaweza kuandikwa, ikasomwa na kila mtu kabla ya kuanza.

Ndivyo tulivyofanya. Kila mchezaji anaanza na korosho tatu zilizobanguliwa. Dadu za mwenzako zikimwangusha, unaweza kula korosho yako moja mbele ya wote naye akarusha tena. Hujiokoi mwenyewe. Ukishaila, haipo.

Tulipoujaribu, homa ilikuja kweli na dadu zikaanguka vibaya. Binti akatutazama mmoja mmoja. Karani alikuwa na korosho mbili na hakuzigusa. Alisema msimu bado mrefu. Meza ilinyamaza. Mwishowe bodaboda alikula yake ya mwisho, dadu zikatoka 10.

"Umeona?" binamu akaniambia baadaye. "Ukatili umeutoa kwenye dadu, umewabebesha watu."

Ni kweli, na sijafuta kanuni. Dadu ikikunyima, huna wa kumuuliza. Karani aliulizwa jioni ileile, na ilibidi ajibu.