Uzuri wa Mlima na Haja ya Mpandaji

Je, anayeuona uzuri wa mlima ni yule tu asiyeuhitaji? Swali hilo la falsafa linaweza kupimwa kwenye njia fupi ya baiskeli kutoka Lushoto mjini hadi Irente, katika Milima ya Usambara. Ni kilomita zipatazo 6. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Barabara inapita kwenye migomba, maharage na viazi, inapanda, kisha inafika kwenye jabali ambako ardhi inakatika ghafla; mashamba ya mkonge ya Mazinde yanaonekana chini kabisa.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kutoa hukumu, alishikilia kwamba hukumu ya uzuri huwa safi pale tu isipoingiliwa na haja. Anayesifia kitu kwa kuwa kinamfaa, anasifia manufaa. Kuhusu milima alimtaja mkulima wa Savoy, eneo la milima ya Alps, ambaye habari zake zilitoka kwa msafiri de Saussure: mkulima huyo aliwaita wapumbavu wote wanaopenda milima ya barafu. Kwa Kant, akili isiyolelewa kimaadili huona kitisho mahali penye utukufu. Hata hivyo alikiri kwamba mkulima asingekosea sana kama de Saussure angejitia hatarini kwa kujifurahisha tu. (Kant mwenyewe hakuwahi kuiona milima ya Alps.)

Karne kadhaa kabla yake, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa amelijadili jambo hilo katika Ihya Ulum al-Din. Majani mabichi na maji yanayotiririka, alieleza, hupendwa kwa kutazamwa tu, si kwa sababu mtu atayala au kuyanywa. Lakini hakudai kiu iondoke kwanza ndipo jicho lifurahi. Raha ya kuona ni raha inayojitegemea, na humwelekeza mtu kwa Mwenyezi Mungu, asili ya kila uzuri.

Baiskeli inampa nguvu Ghazali. Abiria wa gari anaweza kuutazama mlima kama picha. Mpanda baiskeli hawezi. Mapaja yake hupima mwinuko kabla ya macho, naye anauhitaji mteremko, kivuli na upepo. Kwa kipimo cha Kant furaha yake si safi. Basi si safi pia furaha ya Msambaa anayesukuma baiskeli yenye gunia la kabichi kwenda sokoni, ingawa ndiye anayejua ni tuta lipi linashika udongo na lipi litaporomoka. Hitimisho hilo ni gumu kukubalika. Kinachowatenganisha mgeni na mkulima si usafi wa jicho: masika yakiharibu barabara, mgeni huahirisha matembezi, mkulima hukosa soko. Hata dharau ya yule wa Savoy inaeleweka vizuri zaidi kama hukumu juu ya hatari isiyo na faida.

Kant anabaki na hoja moja nzito. Raha zikichanganyika, mpandaji atajuaje kama anasifia bonde au anasifia kupumzika? Irente inatoa kipimo cha kiasi: akae jabalini mpaka pumzi itulie na jasho likauke. Furaha itakayokuwa imepungua ilikuwa ya miguu. Itakayobaki ni ya macho.