Je, kutumia dawa ni kukosa imani?



Korona ilipoingia Kongo mwezi wa Machi 2020, Serikali ilifunga makanisa, tukaomba nyumbani. Ugonjwa ule uliwaonea wenye sukari. Katika hospitali za Uingereza, miezi ile ya kwanza, theluthi moja ya waliokufa kwa Korona walikuwa na sukari. Maana sukari ikipanda, mwili hukosa nguvu ya kupigana na maambukizi. Nayo maambukizi huipandisha zaidi.

Basi, aliyeombewa aache insulini ili aonyeshe imani? Hapana. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimletea ahadi ya Mungu, na tena akaagiza jipu lake litiwe tini. Nabii hakuona haya kwa dawa. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa anamjaribu Mungu kwa uhai wa mwingine. Mgonjwa akifa, damu yake itadaiwa kwa nani?

Tuwaombee wagonjwa, tuwasindikize kituo cha afya. Mwenye sukari asifunge chakula kabla ya kumwuliza daktari: maombi yake yanasikiwa hata akila.

Bwana awalinde.