Mume na Mke Safarini: Je, Starehe Ni Haja?

Swali la kama starehe peke yake inatosha kuwa sababu ya safari lilikuwapo kabla ya viwanja vya ndege. Wanafalsafa wa Kirumi walilijadili kwa ajili ya utulivu wa nafsi. Wanazuoni wa Kiislamu waliliingiza katika sheria, kwa kuwa kwao jibu lilikuwa na matokeo ya papo hapo: msafiri ana rukhsa ya kuswali rakaa mbili badala ya nne, na ya kula mchana wa Ramadhani kisha alipe baadaye. Rukhsa hiyo hapewi kila aliyefunga mizigo.

Upande wa Roma, msemaji mkali zaidi ni Seneca. Katika barua yake ya 28 anamjibu rafiki yake Lucilius, ambaye safari ndefu hazikumwondolea huzuni: abadili nafsi, asibadili anga. Hoja hiyo inamfaa anayekimbia jambo. Mume na mke wa Mombasa au Unguja wanaokwenda Istanbul wiki nzima kwa sababu wanapenda mkate wa samaki pale Eminönü, kivuko cha jioni cha kwenda Kadıköy na chai ya usiku nyumbani kwa marafiki, hawakimbii chochote. Seneca ameandika dawa ya mgonjwa mwingine.

Aliyewatetea watu wa namna hii ni Mfaransa Michel de Montaigne, aliyezunguka Ujerumani, Uswisi na Italia kuanzia Juni 1580 hadi Novemba 1581. Alikuwa na mawe ya figo na alitafuta maji ya tiba, lakini hakujificha nyuma ya ugonjwa. Alikiri kwamba alisafiri kwa sababu mwendo wenyewe ulimpendeza. Alitaka kupakuliwa chakula kwa desturi ya kila nchi, na aliwacheka Wafaransa wenzake waliotafutana ugenini ili wakae mezani wakiwasema wenyeji. Alisema pia kwamba furaha isiyo na mtu wa kushirikiana naye haina ladha, na kwamba katika safari zake alimkosa sana mwenzi wa aina hiyo. Mke wake alikuwa amebaki nyumbani, na Montaigne alishikilia kwamba kutengana kwa muda huipa ndoa nguvu mpya. Hoja hizi mbili hazikai vizuri pamoja, na ya kwanza ndiyo yenye uzito.

Kwa Waislamu, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kubwa, kwa adabu za safari. Alizitaja safari za elimu, za ibada, za kuinusuru dini na za kuunusuru mwili. Kisha akawageukia Masufi waliotangatanga mji hadi mji kwa raha ya kuona nchi tu. Lengo lao aliliona duni, lakini hukumu yake ilielekea kwenye uhalali, maadamu hawamdhuru mtu. Ni ruhusa iliyotolewa kwa uso uliokunjwa.

Wanasheria wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, walikwenda mbali zaidi. Anayezurura bila kujua aendako hakusuru sala, yaani hapunguzi rakaa zake, hata akimaliza mamia ya kilomita. Wako waliosema kwamba kutazama miji tu si lengo linalotosha kuianzisha safari, ingawa matembezi ya kuburudika yanatosha kuwa sababu ya kuchagua njia ndefu kati ya njia mbili. Kwa mantiki hii, wale wawili wa Istanbul wanaokolewa na marafiki zao. Kuzuru watu ni haja inayotambulika tangu zamani. Samaki na kivuko vinaingia kama njia ndefu ya kuifikia, hata kama watakaporudi watavisimulia hivyo zaidi kuliko ziara yenyewe.

Je, burudani ya mke na mume yenyewe haina thamani? Hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud inaelekea kwingine. Bibi Aisha anasimulia kwamba akiwa safarini na Mtume walishindana mbio akamshinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda na kumtania kwamba sasa wamelipana. Mbio zile hazikuwa na faida ya kibiashara wala ya vita. Ipo pia hadithi mashuhuri inayoiita safari sehemu ya adhabu, kwa kuwa humnyima mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, hivyo akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wa nyumbani kwake. Anayesafiri na mwenzi wake amewachukua baadhi ya watu hao, na pengine anakula vizuri kuliko kwake. Sababu ya agizo imepungua makali.

Sheria haikulegea kwenye madeni. Ghazali anamtaka msafiri kwanza arudishe amana, alipe anachodaiwa na aache masurufu ya wanaomtegemea. Mwenye deni lililofika muda wake anaweza kuzuiwa na anayemdai asiondoke. Kipimo hiki kinawabana watalii wa leo, wanaokopa nauli, kuliko swali lolote la anga na nafsi.

Mwishowe upo muda. Kwa Mashafii, aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, amekwisha kuwa mkaazi, na sala zake hurudi kuwa kamili. Mahanafi, ambao ndio wengi Uturuki, wanaweka siku 15. Kwa hiyo katika ile wiki moja, wenyeji wao Istanbul watawahesabu bado wasafiri, na madhehebu waliyotoka nayo Mombasa au Unguja yatawahesabu watu wa mji.