Kunasa na Kupaza: Gitaa la Mbao na Swali la Uaminifu

Kiswahili kina jina moja kwa vyombo viwili ambavyo lugha nyingi huvitenganisha. Maikrofoni huitwa kipaza sauti, na spika iliyotundikwa ukutani nayo huitwa kipaza sauti. Kinachopokea na kinachotoa vimepewa jina la kazi ya mwisho, yaani kuifanya sauti ipae. Kazi ya kwanza imepewa jina kwingine: chombo cha kurekodi ndicho kilichoitwa kinasa sauti, na kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo. Mpigaji wa gitaa la mbao anayejiandaa kupanda jukwaani hukutana na vitenzi vyote viwili kwa pamoja, kwani hakuna sauti ya gitaa inayoweza kupazwa kabla ya kunaswa. Achague chombo gani? Katika maduka ya muziki hilo huulizwa kama swali la bei na la wati. Lakini ni swali la kimaadili tangu mwanzo wake: kinachonaswa ni nini, ni cha nani, na kikitokea upande wa pili je, ni chenyewe bado?

Texas ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili, kwa sababu huko limeulizwa kwa takriban miaka mia. Katika mtaa wa Deep Ellum mjini Dallas, Blind Lemon Jefferson alipiga gitaa barabarani akitegemea koo lake na mbao zake tu. Mmoja wa watoto waliomshika mkono kumwongoza njiani alikuwa Aaron Walker, ambaye baadaye, kwa jina la T-Bone Walker, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipa gitaa la umeme lugha yake. Aliyeongozwa na aliyeongoza wametenganishwa na umri wa kizazi kimoja hivi. Juni 1937, katika jengo la 508 Park Avenue mjini humo humo, Robert Johnson alirekodi nyimbo zake za mwisho, akafariki mwaka uliofuata. Wapenzi wa usafi wa sauti huzitaja rekodi hizo kama gitaa lenyewe, gitaa tupu, lisiloguswa na mitambo. Husahau kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulisikia gitaa la Johnson. Walichokisikia ni kile ambacho maikrofoni ya Dallas ilikubali kukinasa.

Kisa kinachofaa kutazamwa kwa utulivu zaidi ni cha Houston. Mapema mwaka 1959 mtafiti Samuel Charters alimpata Lightnin' Hopkins katika eneo la Third Ward, akamrekodi ndani ya chumba cha kupanga kwa maikrofoni moja. Kampuni ya Folkways iliitoa rekodi hiyo mwaka huohuo, nayo ikamfungulia Hopkins milango ya vyuo vikuu na ya kumbi za wapenzi wa muziki wa asili. Lakini Hopkins wa wakati ule hakuwa mtu wa gitaa tulivu. Mwaka 1954 alikuwa amerekodi kwa kampuni ya Herald akitumia gitaa la umeme lenye mlio wa kukwaruza, na katika baa za barabara ya Dowling, ambayo tangu 2017 inaitwa Emancipation Avenue, majirani zake walimjua kwa mlio wa namna hiyo. Charters alitaka gitaa lisilo na umeme, na akalipata.

Haitakuwa haki kumfanya Charters kuwa mwizi. Bila yeye huenda Hopkins angesahaulika nje ya mitaa yake, na rekodi yenyewe ni nzuri. Hata hivyo kuna jambo la kuudhi katika kisa hiki, nalo ni la kifalsafa kabla ya kuwa la muziki. Mtu alikuja kutoka mbali akiwa na picha ya ukweli wa mtu mwingine, akamwomba mwenye ukweli huo aufananishe na picha. Kwa Charters, waya ulikuwa doa juu ya asili. Kwa Hopkins, waya ulikuwa jibu la heshima kwa watu waliokuwa wakinywa, wakicheza na kupiga soga baada ya siku ndefu ya kazi, watu ambao gitaa tupu lisingewafikia. Nani basi alikuwa mwaminifu zaidi kwa gitaa? Wanaolipenda neno "asili" hudhani kwamba asili hukaa ndani ya chombo. Baa za Dowling zinaelekea kushuhudia kwamba hukaa kati ya chombo na watu wake. Inapendeza kuona kwamba katika picha za miaka ya baadaye Hopkins ameshika gitaa la mbao lililofungwa pikapu ya sumaku kwenye tundu lake: si lile la Charters, wala si lile la baa.

Kosa la aina hiyohiyo lilifanyika mbele ya maelfu katika tamasha la Newport mnamo Julai 1965, Bob Dylan alipopanda na bendi ya umeme na sehemu ya hadhira ikamzomea. Ubishi wa usiku ule umeandikwa mno. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba kila gitaa la mbao lililopigwa uwanjani hapo, kabla ya Dylan na baada yake, liliwafikia wasikilizaji kwa maikrofoni, nyaya, amplifaya na spika. Umeme ulikuwepo muda wote; ulikuwa hauhesabiwi tu. Miaka minne baadaye, mwaka 1969, Jean Bosco Mwenda wa Katanga alipanda katika tamasha hilohilo na nyimbo zake za Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuwa amemrekodi Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na rekodi zile ndizo zilizomfanya ajulikane mbali na nyumbani. Gitaa lililokuwa limenaswa huko Katanga lilibidi sasa lipazwe katika uwanja wa Marekani. Mtindo wake ulitegemea vidole viwili, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kikijibu kwenye nyembamba, na uhai wote wa wimbo umo katika uwiano wa mazungumzo ya vidole hivyo. Uwiano huo ndio kitu cha kwanza ambacho mtambo mbaya hukiua.

Hapa inafaa kushuka mpaka kwenye mitambo yenyewe, kwa sababu falsafa isiyoshuka humo huishia kusifu mbao kwa jumla. Mpigaji wa leo ana mashahidi watatu wa kuchagua. Wa kwanza ni maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya gitaa. Huyu husikia hewa, kama sikio linavyosikia, kwa hiyo ushahidi wake ndio unaofanana zaidi na wa mtu aliyeketi karibu. Tatizo lake ni kwamba husikia kila kitu: bilauri ya meza ya pili, feni, na hata spika inayotoa sauti yake mwenyewe, na hapo ndipo fidibaki huzaliwa, ule mlio unaojizungusha na kujikuza mpaka watu wazibe masikio. Wa pili ni pikapu ya piezo, ukanda mwembamba unaolazwa chini ya kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi darajani. Sayansi yake iligunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880: fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Shahidi huyu hasikii hewa kabisa. Husikia mgandamizo, na kwa kuwa yuko karibu mno na tukio, hulieleza kwa ukali, kwa sauti ya puani inayofanana na bata, hasa mkono unapopiga kwa nguvu. Wa tatu ni pikapu ya sumaku inayofungwa kwenye tundu. Hujua mwendo wa nyuzi za chuma tu. Nyuzi za nailoni kwake ni bubu, na sanduku la gitaa, lile ambalo fundi alilichongea ubao kwa miezi, kwake ni kama halipo.

Hakuna kati yao anayesema uongo. Kila mmoja husema kweli kuhusu sehemu aliyoishuhudia. Uongo huanza pale mpigaji anapomtaka shahidi mmoja aapie yote.

Kuna mfano mdogo unaolifanya jambo hili liumize. Hewa iliyomo ndani ya sanduku la gitaa la kawaida ina mtetemo wake wa asili, karibu na hezi 100. Hapo ndipo gitaa huvuma kwa wingi, na kwa sababu hiyohiyo hapo ndipo fidibaki hupenda kuanzia. Dawa inayouzwa ni ya aina mbili. Moja ni kitufe kwenye kifaa cha kurekebisha sauti kinachokata ukanda huo mwembamba. Nyingine ni kizibo cha mpira kinachofunika tundu. Sasa, noti ya Sol ya chini, ile inayopatikana kwenye kituo cha tatu cha uzi wa sita, iko karibu hezi 98. Kwa mpigaji wa mtindo wa vidole viwili anayepiga katika ufunguo wa Sol, hiyo ndiyo nyumbani; gumba huondoka hapo na kurudi hapo. Mtambo ukikata hezi 100 unaondoa nyumba na kuacha njia. Kizibo nacho kinachekesha kwa namna ya kuhuzunisha: ili chombo kisikike, kinazibwa mdomo. Kampuni ya Gibson ilifika mbali zaidi mwaka 1954 ilipotoa gitaa la J-160E, chombo chenye umbo la gitaa la mbao na pikapu ya umeme ndani yake, ambacho magamba ya juu yake yalikuja kutengenezwa kwa mbao za tabaka ili yasitetemeke sana. Lilifanywa kuwa gitaa dhaifu zaidi la mbao ili liwe bora zaidi jukwaani. John Lennon alilitumia, na hakuna aliyelalamika.

Teknolojia ya karne hii imeongeza jaribu jipya. Kampuni ya Fishman iliuza kifaa kilichoitwa Aura, ambacho huchukua sauti kavu ya piezo na kuichanganya na taswira ya kidijitali ya gitaa lililorekodiwa studio kwa maikrofoni nzuri. Wasomaji wa Walter Benjamin watatabasamu: yeye aliandika katika miaka ya 1930 kwamba kazi ya sanaa ikinakiliwa kwa mashine hupoteza ile aura yake, na sasa aura inauzwa ndani ya kisanduku chenye betri. Lakini tabasamu halijibu swali. Taswira ile inaweza kuwa ya gitaa jingine la aina hiyohiyo, lililopigwa na mtu mwingine, katika chumba ambacho mpigaji hajawahi kukiona. Je, hadhira imedanganywa? Wengine watasema hapana, kwa kuwa muziki ni kile kinachosikika. Jibu hilo ni jepesi mno. Hadhira haisikii tu, inaona pia. Ikiona mbao, vidole na nyuzi, macho yamekwisha kuahidiwa kitu, na ahadi ya macho inalidai sikio. Hata hivyo, kusahihisha ushahidi wa shahidi aliyekuwa karibu mno si kosa. Kosa lina dalili yake: mpigaji akibadilisha gitaa, au akisogeza mkono kutoka darajani kwenda kwenye tundu, na ukumbi usiweze kujua, basi kinachopazwa hapo ni picha.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa vyombo vyote. Chombo chema ni kile kinachoiacha tofauti ndogo ya mkono ipite: kugusa kwa ncha ya kidole au kwa ukucha, kupunguza nguvu katika ubeti wa tatu, kunyamaza kidogo kabla ya kiitikio. Na kipimo hiki mpigaji hawezi kujipima peke yake, maana tundu la gitaa linawatazama wengine na yeye yuko nyuma yake. Yeye ndiye mtu pekee ukumbini asiyelisikia gitaa lake kama linavyosikika. Kwa hiyo anayenunua vyombo kwa kujipigia mwenyewe dukani anajaribu kitu kingine kabisa. Afadhali ampe gitaa rafiki na yeye akasimame mwisho wa chumba.

Huko mwisho wa chumba ndiko swali linakogeuka kuwa la haki. Kati ya Dallas na Houston kuna karibu kilomita 390 za barabara, na miji yote miwili, pamoja na Fort Worth, imepokea Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi. Kumbi wanazokodi kwa harusi na matanga si Meyerson ya Dallas, iliyofunguliwa 1989 ikiwa na vyumba vya mwangwi vinavyofunguliwa na kufungwa ili jengo lenyewe lifanye kazi ya kupaza. Ni kumbi za kuta ngumu na sakafu ngumu, kiyoyozi kinanguruma, na bibi aliyeketi nyuma kabisa ana masikio ya miaka themanini. Anayesema gitaa lipigwe tupu kwa ajili ya usafi amekwisha kuamua kwamba bibi huyo hahesabiki. Anayesema sauti ipandishwe tu naye hajamsaidia. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu aliye kwenye kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Gitaa likipanda, meza zinapanda. Meza zikipanda, fundi mitambo anasukuma tena, na bibi anabaki na kishindo.

Townes Van Zandt, mzaliwa wa Fort Worth, alirekodiwa katika klabu ndogo ya Old Quarter mjini Houston mnamo Julai 1973, mtu mmoja na gitaa moja. Katika rekodi hiyo, iliyotolewa 1977, glasi na chupa zinasikika, na bado kila noti inasikika, kwa sababu watu wa chumba kile waliamua kusikiliza. Uamuzi wa namna hiyo hakuna duka linaloweza kuuza, lakini mpigaji anaweza kuuomba. Anaweza kufika mapema, akazungumza na kijana wa mitambo kabla hajaligeuza gitaa kuwa besi, akaomba spika moja ndogo iwekwe karibu na wazee badala ya kuzisukuma zile mbili za mbele, akaomba kiyoyozi kizimwe kwa muda wa nyimbo tatu. Hilo la mwisho ndilo gumu. Katika kumbi nyingi za kukodi kidhibiti chake kimefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, na ufunguo anao msimamizi wa jengo, ambaye jioni hiyo hayupo.