NANI ANAKUPIMA, KIJANA?

Ndugu kijana, karatasi hii imekukuta wapi? Labda stendi ya Kahama. Labda sokoni Katoro. Labda umetoka duarani sasa hivi kule Nyarugusu, mikono bado ina vumbi la karasha. Popote ulipo, nipe dakika tano tu. Nina swali moja: NI NANI ANAYESEMA KWAMBA WEWE NI MTU WA THAMANI?

Usijibu haraka. Kwanza tumtazame mtu unayemjua.

Naseeb Abdul alizaliwa mwaka 1989, akakulia Tandale, Dar es Salaam. Akajiita Diamond Platnumz. Diamond maana yake almasi, jiwe lile lile linalochimbwa hapa kwetu Mwadui. Mwaka 2010, wimbo wake "Kamwambie" ulipokuwa midomoni mwa watu, alipata tuzo 3 za Kili. Mwaka 2014 akabeba 7 kwa usiku mmoja! Mwaka 2015 akatangazwa kule Milan, Italia, kwenye tuzo za MTV za Ulaya, kuwa msanii bora wa Afrika, tena akampita hata Priyanka Chopra wa India kwa kura za mashabiki. Mtoto wa Tandale! Nani asingefurahi? Hata mimi nilifurahi.

Lakini hebu twende taratibu. Habari haikuishia hapo.

MIZANI INAYOHAMAHAMA

Mwaka huo huo wa 2015, tuzo nyingi za Kili zilikwenda kwa Ali Kiba. Je, ndani ya mwaka mmoja Diamond alikuwa amesahau kuimba? La hasha! Sauti ni ile ile, mtu ni yule yule. Kilichohama ni kura.

Kisha tuzo zenyewe zikasimama. Zilikuwa zikidhaminiwa na bia, na jina la Kili ni jina la bia. Zikakaa kimya miaka kadhaa, zikaja kurudi mwaka 2022 kwa mkono wa serikali. Sasa nakuuliza: miaka ile yote isiyo na tuzo, je, Tanzania haikuwa na mwimbaji bora?

Na kule Marekani kwenye tuzo za BET? Diamond aliteuliwa mwaka 2014, akateuliwa 2016, akateuliwa tena 2021. Mara zote tatu akarudi mikono mitupu. Lakini mwaka 2017 Rayvanny, kijana wa Mbeya aliyekuwa chini ya lebo ya Diamond mwenyewe, aliipata BET! Mwanafunzi alipata alichokosa mwalimu. Mwaka 2023 Diamond akashinda tena kwa MTV, lakini sherehe ya Paris ilikuwa imefutwa kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Ushindi upo, jukwaa hakuna, makofi hakuna.

Umeona, rafiki yangu? Kama thamani ya mtu inakaa ndani ya tuzo, basi thamani ya Diamond imepanda na kushuka kama ndoo ya duarani. Je, inawezekana mtu mmoja awe wa maana mwezi wa tano, halafu asiwe wa maana mwezi wa sita mwaka unaofuata?

MIZANI HAITII DHAHABU KWENYE JIWE

Wewe unayechimba unalijua hili kuliko mimi. Mizani ya mnunuzi haitengenezi dhahabu. Inaonyesha tu kilichopo. Na mara nyingine inadanganya! Mnunuzi huyu anakuambia gramu hivi, ukienda kwa yule unaambiwa vingine. Dhahabu imebadilika? Haijabadilika.

Mwaka 1947 pale Mwadui ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu. Ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Lakini haikuanza kuwa almasi siku ile! Ilikuwa almasi tangu ikiwa chini ya udongo, ng'ombe wakipita juu yake na hakuna anayejua.

Utaniambia, "Mtumishi, tuzo zinaleta hela bwana!" Kweli kabisa, sikatai. Tuzo hufungua milango. Na mtu aliyefanya kazi anastahili kuambiwa ahsante. Ubaya hauko kwenye kombe. Ubaya ni kuligeuza kombe kuwa cheti cha kuzaliwa, kwamba bila hilo wewe hujazaliwa.

Kijana mmoja pale Katoro aliuza ng'ombe wa mama yake ili alipie studio. Wimbo ukatoka. Redio hazikuupiga. Akaniambia, "Mtumishi, mimi si mtu." Nikamwuliza wenzake habari zake. Wakasema: huyu ndiye aliyeshuka duarani usiku kifusi kilipomfunika mwenzetu, sisi tukiogopa, akamtoa akiwa hai. Nikarudi kwake nikamwambia, "Nenda kamwulize yule uliyemtoa kama wewe si mtu." Akanyamaza. Kisha akalia.

Usiku ule hapakuwa na kamera. Hakuna aliyepiga kura. Hakuna kombe lililotolewa. Lakini mtu mmoja anaishi.

JIPIME MWENYEWE LEO

1. Kazi unayoifanya, ungeifanya vizuri hata kama hakuna anayekutazama?
2. Mwenzako akipata ulichokosa, unaweza kumpa mkono bila kinyongo?
3. Ng'ombe wa nani ameuzwa ili wewe uonekane? Umemrudishia?

Hilo la tatu lisikupite. Yule kijana wa Katoro bado ana deni kwa mama yake, na kulilipa ni heshima kubwa kuliko kombe.

Imba kama unajua kuimba. Chimba kama unachimba. Tuzo ikija, pokea, shukuru, iweke kabatini, kesho asubuhi uende kazini. Isipokuja, kesho asubuhi uende kazini vile vile. Aliyekuumba hakusubiri kura za watu ndipo akuite mtu.

Basi nakuuliza tena, ndugu yangu: NANI ANAKUPIMA?

Ukimaliza kusoma usitupe. Mpe na mwenzako.