Vitabu Vinne Vilivyoulisha Moyo Wangu Mwaka Huu



Vijana wenzangu, mwaka wa Kanisa unafikia mwisho. Tunaadhimisha Sherehe ya Kristo Mfalme, halafu tunaingia Majilio. Ni wakati mzuri wa kila mmoja kujiuliza: mwaka mzima nimeulisha nini moyo wangu? Mwili ukikosa ugali siku moja tu tunalalamika. Roho inaweza kukaa miezi haijala kitu, na sisi tunaona kawaida.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu kule Pamplona, Hispania. Akiwa kitandani aliomba aletewe hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi. Nyumba nzima hazikupatikana. Vilivyokuwepo ni kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Basi akavisoma, ili siku ziende. Kidogo kidogo akagundua jambo: akiwaza ufahari wa dunia alifurahi, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu. Akiwaza kuishi kama watakatifu, furaha ilibaki hata mawazo yenyewe yakiisha.

Kipimo hicho ni kizuri sana. Ukifunga kitabu, au ukizima simu, moyo wako umebaki na nini? Nimekitumia mwaka huu, na vitabu vinne vimebaki nami.

Cha kwanza ni Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Wengi tunadhani watakatifu walizaliwa wakiwa tayari wamepiga magoti. Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria, anatueleza mwenyewe alivyoiba matunda ya jirani na wenzake. Njaa hawakuwa nayo. Waliiba kwa sababu kuiba kulikuwa kutamu, na kwa sababu walikuwa kundi. Si tunaifahamu hiyo? Peke yako usingethubutu, ila mkiwa watano mnacheka tu.

Anasimulia pia alivyoomba apewe usafi wa moyo, lakini usije haraka. Hapo kila kijana anajikuta. “Nitaokoka na hii tabia, ngoja kwanza nimalize chuo. Ngoja nioe.” Mama yake, Monika, alilia na kusali kwa miaka mingi, hadi Augustino akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi kule Milano, Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huohuo Monika akafariki. Somo nililolipata: kama nyumbani kwenu kuna mtu anayekuombea kimyakimya, usimfanye asubiri bure. Na kama wewe ndiye unayemwombea mdogo wako aliyeacha Kanisa, usichoke.

Cha pili ni Njia ya Matumaini cha Kardinali Fransisko Ksaveri Nguyen Van Thuan wa Vietnam. Alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Alikaa kifungoni miaka 13, na 9 kati ya hiyo alikuwa peke yake. Kabla hajatengwa, mtoto mdogo alimletea karatasi za kalenda zilizokwisha matumizi, naye akaandika humo usiku maneno ya kuwatia moyo waamini wake. Hivyo ndivyo kitabu kilivyozaliwa. Gerezani aliadhimisha Misa akiwa na matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono. Divai hiyo ilitumwa kama dawa ya tumbo!

Kilichonigusa ni uamuzi wake. Alikataa kukaa tu akisubiri siku ya kutoka. Aliamua kuishi saa aliyo nayo na kuijaza upendo. Vijana wangapi leo tuko kwenye gereza la kusubiri? Umemaliza chuo, umetuma barua za maombi ya kazi hadi umechoka, majirani wanakuuliza “vipi, bado?” Mimi mwenyewe nimeusoma ukurasa kwa ukurasa nikiwa katika kusubiri huko, na nakwambia: maisha hayaanzi siku ya kupata ajira. Leo una mama wa kumsaidia, una wadogo wa kuwafundisha hesabu, una wagonjwa katika jumuiya yako. Mungu hayuko mwisho wa foleni. Yupo hapa uliposimama.

Cha tatu kinatoka kwa jirani zetu, Rwanda. Immaculée Ilibagiza alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akaenda nyumbani kwa likizo ya Pasaka mwaka 1994. Mauaji ya kimbari yakaanza. Alijificha siku 91 na wanawake wengine saba katika choo kidogo cha nyumba ya mchungaji mmoja, kabati limesukumwa mbele ya mlango. Wazazi wake na kaka zake wawili waliuawa. Alikuwa na rozari aliyopewa na baba yake.

Alisali sana mle ndani. Lakini kila alipofika kwenye ile sehemu ya Baba Yetu inayohusu kusamehe waliotukosea, maneno yalimkwama. Aliona akiyatamka atakuwa anamdanganya Mungu. Ndugu yangu, umewahi kusali kwa ukweli wa namna hiyo? Sisi tunaitamka Baba Yetu mbio mbio, na huku na kaka yetu hatusalimiani kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba. Immaculée aliomba neema ya kusamehe kwa sababu yeye peke yake hakuiweza. Baadaye alikwenda gerezani, akakutana uso kwa uso na mmoja wa wauaji, akamsamehe. Angalia vizuri: muuaji alikuwa gerezani. Kusamehe hakufuti haki, wala hakusemi kwamba ubaya haukutokea. Kunaifungua mikono yako iliyoshika kaa la moto.

Cha nne kitawashangaza wengine: Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. “Hiyo nayo ni ya kiroho?” Iliwahi hata kupigwa marufuku mashuleni! Lakini soma kwa moyo wa sala. Rosa analelewa Ukerewe na baba mlevi anayetumia fimbo kuwa ndiyo malezi. Anajifunza kuogopa wavulana, hajifunzi kujipenda wala kujiheshimu. Fimbo inapokuwa mbali, hakuna kilichobaki ndani cha kumlinda. Mwisho wake ni kujitoa uhai.

Hofu huweza kumzuia mtu kwa muda, ila utakatifu hukua kwa kupendwa. Viongozi wa vijana na wazazi, tulisikie hili. Nawe unayesoma hapa ukiwa na giza hilo moyoni, usibaki nalo peke yako. Mwambie mtu leo: padre, dada mkubwa, daktari, rafiki unayemwamini. Hujavuka mpaka wa huruma ya Mungu. Na kama umempoteza mtu kwa njia hiyo, jua kwamba Kanisa linamwombea, nawe mwombee bila aibu.

Basi, wapendwa, vitabu hivi havichukui nafasi ya Biblia. Neno la Mungu kwanza. Lakini watakatifu na mashahidi wanatuonyesha Neno hilo likitembea kwa miguu ya watu kama sisi. Majilio haya chagua kitabu kimoja tu. Ulizia parokiani, azima kwa rafiki, changeni wanne mnunue kimoja mzungushe. Dakika 15 kabla ya kulala, simu ikiwa mbali. Ukikifunga, kaa kimya kidogo na ujiulize swali la Inyasi: moyo umebaki na nini? Kisha mwambie Yesu jibu lako, hata kama ni zito.

Ee Bwana, uliyemfikia Inyasi kitandani na Immaculée mafichoni, utufikie na sisi tulipo. Utupe njaa ya yale yanayobaki. Amina.