Kurudia Si Kurudisha

Wazee walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Basi, mtu akirudia katika uzee kazi aliyoifanya vema katika ujana, je, hajisumbui bure?

Tumtazame mwanamuziki mmoja wa nchi yetu, Wendo Kolosoy. Mwaka 1948, huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, aliimba wimbo wa Marie-Louise, na Henri Bowane akampigia gita. Wendo alikuwa kijana wa miaka 23. Kampuni ya Ngoma ikautia wimbo huo katika santuri, nao ukapendwa mno, hata watu wakavumisha ya kwamba ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu. Baadaye, wakati wa utawala wa Mobutu, Wendo alinyamaza miaka mingi. Mwaka 1997, naye sasa mzee wa miaka sabini na zaidi, ikatoka sahani yake mpya yenye jina lile lile, na ndani yake aliuimba tena wimbo wa ujana wake. Alifariki mwaka 2008.

Wengine watasema: alitamani sifa za zamani, au fedha. Yaliyo moyoni mwa mtu Mungu ndiye ayajuaye; sisi tulipime tendo lenyewe. Anayetaka kurudisha hutaka siku zile zije kama zilivyokuwa: sauti ile, marafiki wale, uso ule usio na mikunjo. Huyo ni sawa na wale waliongoja wafu usiku wa manane. Atachoka bure, kwani mwenye kufufua ni Mungu peke yake.

Lakini anayerudia haikani miaka yake. Tazameni mume na mke wanaporudia ahadi zao siku ya jubilei ya ndoa. Hawafungi ndoa mpya, wala hawawi vijana tena. Siku ya kwanza waliahidi wasiyoyajua. Leo wanaahidi wakiyajua. Neno ni lile lile, ila sasa lina uzito wa njaa, magonjwa na makaburi waliyoyapita pamoja.

Nasi hapa Bambu tuna haja ya kufahamu jambo hili. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vimetukimbiza mara nyingi sisi watu wa Djugu. Tuliporudi, madaftari ya nyimbo hayakuwako, na waimbaji wengine hawakuwako. Tukamwomba mzee mmoja, mwimbishaji wa zamani, atufundishe tena wimbo wa Pasaka. Akakataa, akisema: «Wanangu, sauti imekwisha. Sikilizeni ile ya kaseti.»

Kaseti ile ni nzuri kweli. Lakini haijui yaliyotupata.

Hatusemi kila kazi irudiwe. Mzee anayerudia ili kuwafunga vijana vinywa, heri anyamaze. Lakini anayenyamaza kwa kuona aibu ya uzee wake anawanyima watoto urithi wao.

Tulimwendea mara ya pili, tukamwambia hayo. Akaja. Akauanza wimbo chini kuliko zamani, mahali sauti yake ilipoweza kufika, nasi tukamfuata huko huko chini. Haukuwa wimbo wa kaseti. Ulikuwa wimbo wa watu waliokimbia, wakarudi, na bado wanasadiki ya kwamba Kristu amefufuka.